Mtu Wetu wa Sinema Kongwe

Baba yangu alikuwa mpakuzi wa pilau. Harusi yoyote ya watu wetu wa Unguja kule Ruwais, Jeddah, yeye ndiye kashika upawa. Picha za harusi zile ninazo mpaka leo. Utaona bega lake, utaona mkono, moja ina kisogo. Uso haumo. Mama akimtania: "Bwana, wewe umeoa sufuria." Sijui kwa nini nimeanzia huko. La, najua.

Nilikuwa dereva wa mzee mmoja mtaa wa Safa, hukohuko Jeddah, nikimwita baba kama wanawe. Alasiri zake zote ni sinema kongwe za Marekani, zile nyeusi na nyeupe. Humo mna bwana mmoja mfupi, pua imepinda kama kitara, yumo karibu katika zote. Leo hakimu, kesho mlevi, keshokutwa mwizi wa farasi, na kufa kafa mara nyingi kuliko maiti wote ninaowajua. Umri mzima kazini na hajapata hata kumwoa mwanamke wa kwenye hadithi. Jina lake huja mwishoni, chini kabisa. Mzee ndiye aliyenionyesha lilipo. Mie chuoni nilitoroka utotoni, nimejua kusoma utu uzima, kwa yale maandishi ya Kiarabu chini ya picha, kidole cha mzee kikinitangulia. Mungu amlipe.

Tukawa na mchezo: atakayemwona kwanza mtu wetu, mwenzake amimine kahawa. Nikishinda mie, mwenye nyumba ananimiminia dereva wake, wala haachi mpaka nitikise finjani, ndiyo desturi yao ya kusema imetosha. Nami nilichelewa kutikisa, kwa makusudi.

Kisha mzee akaanza kusahau. Wajukuu, njia ya msikitini. Binti yake akaja kutoka Riyadh amchukue, awekewe wauguzi. Mie sikutajwa. Niliumia, kwa kuwa ndugu nilikuwa sina mwingine.

"Hamjui mtu tena," binti aliniambia. "Hata mimi ananiita dada."

Nikamwomba akae nasi alasiri moja tu. Akakaa. Mara kinyozi kwenye sinema akamgeukia mteja, taulo limemfunika uso, imebaki pua. Mzee akanigonga gotini.

"Yule pale. Mimina, kipofu wee."

Binti akacheka, machozi yanamtoka. Akasema tutakwenda wote wawili.

Ndiyo nipo Olaya, Riyadh, sasa, ghorofa ya tisa, na namshukuru binti yule kila nikishika birika. Wiki hii alitutafutia sinema ya mwisho aliyocheza mtu wetu. Amekuwa mchukuzi wa hoteli. Kaweka sanduku chini, kagusa kofia, katoka mlangoni.

"Anarudi?" mzee akauliza.

Nikamwambia pengine. Tukangoja, finjani mkononi, wale waigizaji wakubwa wanasema maneno yao marefu, sanduku liko palepale. Hakurudi.