Bata Mzinga wa Mzee Kurban Alivyopanda Kitandani kwa Mgonjwa

Wadau, sogeeni karibu, na aliye na chai mdomoni aimeze kwanza.

Asubuhi moja hapa Cheyo, Tabora, bata mzinga aliingia nyumba ya watu, akakatiza sebuleni bila hodi, akaenda moja kwa moja chumbani na kupanda kitandani kwa mgonjwa.

Mgonjwa hakupiga yowe.

Alipiga vigelegele.

Mimi naitwa Stela, mpangaji wa chumba cha uani katika nyumba hiyohiyo. Mgonjwa mwenyewe ni mama mwenye nyumba, Spesioza, mzaliwa wa Ulyankulu kwa wazazi Warundi. Mtaani tunamwita Mama Modesti. Kaniruhusu nisimulie kwa sharti moja tu: nisimpunguze unene.

"Andika nilivyo," kasema. "Watu wasije wakadhani uvimbe ulinikondesha."

Sawa. Ni mnene.

Uvimbe ulianza shingoni kama punje ya karanga. Spesioza akasema ni mafua.

Ukawa kama yai la kanga. Akasema ni mafua makubwa.

Ulipozidi hapo akaanza kuvaa skafu. Joto lile la Novemba, mbuzi wanahema ulimi nje, yeye na skafu ya sufu! Mumewe, Reveriani, ni mkulima wa karanga na mahindi kule Kwihara, mtu mpole, maneno yake kwa wiki yanaingia kwenye kikombe. Siku moja aliegesha baiskeli yake, akasema, "Mama Modesti, vaa viatu." Wakaenda hospitali.

Daktari Julieth alimpapasa shingo, akamtazama usoni.

"Mama, huu tunautoa. Ukishatoka ndipo tutaupima tujue ni wa aina gani."

Maneno yalikuwa mengi. Spesioza alisikia moja tu.

Kisu.

Alirudi nyumbani. Kila akimeza mate anausikia pale shingoni, umekaa kama mpangaji asiyelipa kodi. Akimtazama mumewe anawaza, huyu hata chumvi nyumbani kwake hajui inakaa wapi. Nikifa atatafuna karanga mbichi mpaka Pasaka.

Ndipo akaanza kumwekea Mungu masharti.

Kwanza aliomba mvua inyeshe kama ishara kwamba atapona. Ikanyesha. Akasema hapana, huu ni msimu, mvua hiyo ni ya kila mtu.

Akaomba Reveriani aoshe vyombo bila kuambiwa. Jioni hiyohiyo Reveriani akaosha vyombo, na sufuria ya ugali akaikwangua mpaka ikang'aa. Spesioza akamtazama kwa jicho la upande.

"Hii nayo haihesabiki. Huyu kuna kitu amevunja."

Basi asubuhi moja akasimama uani, mikono juu, akasali. Sasa ndugu zangu, Spesioza akisali hasemi na Mungu tu. Anasema na Cheyo yote, na Ipuli kidogo.

"Bwana! Nataka ishara isiyochezewa! Kama nitatoka kwenye ile meza ya upasuaji nikiwa hai, basi yule bata mzinga wa Mzee Kurban aingie ndani kwangu! Kwa miguu yake! Asisukumwe na mtu!"

Nikiwa chumbani kwangu nikasema moyoni, mama wa watu kajimaliza.

Maana bata huyo hamumjui. Mzee Kurban, jirani yetu mwenye duka la vitenge mjini, alimnunua akiwa kifaranga, akamwita Kanali. Kanali alikuwa hatoki nje ya ukuta wa Kurban, na aliyeingia alijuta. Alishamkimbiza msoma mita. Alishamng'oa kifungo katekista. Wanakwaya walipokwenda kuomba mchango, besi yote ilirudi inaimba sauti ya kwanza.

Siku zikapita. Kanali haji.

Spesioza akaacha kula vizuri. Kila kikitokea kishindo anachungulia mlangoni. Daktari Julieth akapiga simu kuulizia, akajibiwa, "Daktari, tunamsubiri bata." Daktari akadhani mtandao unakatakata.

Ndipo asubuhi ile ikafika. Spesioza amelala chali, skafu shingoni, anatazama dari. Akasikia kucha kwenye sakafu. Ka, ka, ka.

Kanali akatokeza kichwa mlangoni. Wakatazamana.

Kisha bata akaruka, pwaa, juu ya shuka.

Vigelegele alivyopiga Spesioza, bodaboda mbili zilisimama barabarani. Akatupa skafu, akacheza na kanga mkononi, akacheza na mumewe, karibu acheze na Kanali, ila Kanali akamwonyesha mdomo.

"Napasuliwa!" akatangaza. "Hata kesho!"

Jumamosi jumuiya yetu ya kanisa ikasali nyumbani kwetu. Mzee Kurban naye alialikwa, Mwislamu wa watu, kwa heshima ya kuwa mwenye bata. Alikuja na halua, akakaa karibu na mlango.

"Shikamoo, Mzee Kurban."

"Marahaba, mama. Shingo inasemaje?"

"Shingo haina usemi tena, Mungu keshasema!"

Muda wa ushuhuda Spesioza akasimama chini ya msalaba uliotundikwa ukutani. Akasimulia yote. Alipofika kwenye "hakusukumwa na mtu," Reveriani akakohoa.

Akarudia, "Hakusukumwa na mtu yeyote!"

Nyamizi, mwenyekiti wa jumuiya, jirani wa nyumba ya tatu, akaangua kilio.

"Mama Modesti, nisamehe! Siwezi kukaa mbele ya msalaba na dhambi hii. Nilimfagia."

"Ulimfagia nani?"

"Kanali. Nilikuwa nyuma yake na fagio. Lakini sikumgusa! Nilikuwa nafagia tu, na yeye yuko mbele ya takataka."



Samweli, dereva wa bodaboda anayeegesha mbele ya nyumba, akainua mkono taratibu. "Na mimi nilipiga honi kidogo, mama. Ili asirudi nyuma."

Spesioza akamgeukia Mzee Kurban.

Mzee Kurban akatazama halua. "Mimi nilifungua geti tu, mama. Kufungua geti siyo kusukuma."

Akabaki Reveriani. Mkewe akamtazama.

"Nilimwaga mahindi," akasema Reveriani. "Kutoka mlangoni mpaka kitandani, wewe umelala. Mahindi hayasukumi mtu."

Hapo kilinuka. Spesioza akaanza kusema Kirundi, na Kirundi chake huwa hakitoki mpaka mambo yaharibike. Wanajumuiya wakasambaa bila baraka ya mwisho. Aliokota skafu yake, akaivaa, akaingia jikoni na kubana mlango.

"Sipasuliwi!" tukasikia. "Mungu hajasema kitu! Mmesema nyinyi na mahindi yenu!"

Hakuwa na hasira tu. Alikuwa amelala usingizi mzuri tangu bata yule apande kitandani, na sasa hofu ilirudi yote, na ndugu zake. Alikaa kwenye kigoda akiushika uvimbe, machozi yanatiririka.

Reveriani akaingia, akachuchumaa kando ya jiko.

"Mama Modesti."



"Mimi ndiye niliyekuwa nataka ishara. Wewe ukisali Mungu anakusikia, hata asiyetaka kukusikia anakusikia. Mimi nikisali nasinzia. Nikaona ukifa kwa kumsubiri bata, nitamwambia nini mwanetu Modesti? Nikachukua debe la mahindi."

"Debe zima?"

"Niliogopa yasitoshe."

Spesioza akajitahidi asicheke. Tumbo likamsaliti, likaanza kutikisika. Wakacheka wote wawili mpaka Reveriani akakaa chini kwenye majivu.

Mlango ukagongwa. Mzee Kurban akachungulia.

"Mama, usituchukie. Hata msikitini nimekuombea. Nilimpa imamu jina lako, akalijaribu mara kadhaa, mwishowe akasema tumwombee tu jirani mnene wa Kurban. Mungu atamjua."

 Alipoondoka, Spesioza alijifunga kanga, akaenda kanisani peke yake. Mchana ule hapakuwa na mtu. Akakaa benchi la mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasali kwa sauti ya chini. Alinieleza mwenyewe.

"Bwana, sina bata," alisema. "Mvua sikuipokea, vyombo sikuvipokea. Watu uliowaweka karibu yangu nimewafukuza na halua yao. Ninaogopa. Nitakwenda hivyo hivyo. Nikiamka wodini au nikiamka kwako, nikukute."

Alingoja. Hakusikia sauti. Njiwa kwenye boriti ya paa alifanya lake, likadondoka kwenye benchi la mbele.

Lakini anasema alipotoka nje, alimpigia simu Daktari Julieth amwekee siku.

Siku ya upasuaji tulimsindikiza kundi zima, Samweli mbele na bodaboda yake, nyuma yetu Nyamizi na rozari. Mzee Kurban alileta halua nyingine, akaambiwa mgonjwa haruhusiwi kula, ikaliwa na wasindikizaji. Spesioza alikuwa anatetemeka mpaka kitanda cha magurudumu kinalia.

Muuguzi akamuuliza, "Mama, unaogopa?"

"Sana."

"Turudi kwanza?"

"Nani kasema turudi? Naogopa huku nakwenda. Sukuma!"

Milango ikafungwa.

Reveriani alikaa kwenye benchi la nje akasali. Na safari hii, ndugu zangu, hakusinzia.

Jua lilikuwa limeshapita utosini Daktari Julieth alipotoka. Alikuwa anatabasamu. "Ametoka salama. Ameshafumbua macho. Anauliza mumewe amekula nini."

Reveriani alilia pale pale mbele ya watu, bila kujifuta.

Majibu ya kipimo yalichelewa kuja. Sisi tulikuwa tunakula kucha, yeye alikuwa anakula uji. Yalipofika, yalisema uvimbe haukuwa wa hatari. Tukashangilia. Spesioza akasema, "Asante, Bwana," kisha akaomba uji uongezwe sukari.

Sasa subirini kituko.

Tulipomrudisha nyumbani, mlango wa mbele ulikuwa na kufuli, geti la Mzee Kurban limefungwa na komeo. Tukafungua, tukaingia chumbani.

Kanali yuko kitandani.

Aliruka ukuta, akapita dirishani, peke yake. Mahindi hayakuwepo. Fagio halikuwepo. Na chini yake, kwenye mto wa Reveriani, palikuwa na mayai.

Mzee Kurban alishika kichwa. "Kanali ni jike?"

Kumbe cheo alipewa kwa tabia. Kwa ukali ule hakuna aliyethubutu kumkagua.

Reveriani akainama chini ya kitanda, akatoka na kiganja cha mahindi yaliyoanza kuota ukungu. "Jamani, haya niliyamwaga siku ile. Ya njiani nilipoyazoa, debe lilipungua kiganja tu, na kiganja chenyewe hiki. Hakula hata punje. Kumbe siku ile alikuja kutafuta pa kutagia!"

Nyamizi akapiga magoti. "Ishara! Mama Modesti, hakusukumwa! Tangu mwanzo alikuwa anakuja mwenyewe! Ishara!"

Tukamgeukia Spesioza, bandeji shingoni, tukisubiri vigelegele.

Alimtazama bata. Akatutazama sisi.

"Ishara ya nini? Mimi nimeshapona. Huyu amechelewa." Akavuta blanketi kutoka chini ya mkia wa Kanali. "Mtafutieni kikapu, nataka kulala."

Ndugu msomaji, huenda na wewe una jambo linakukaba shingoni, unamsubiri bata wako. Usingoje hofu iishe ndipo umwamini Mungu, maana inaweza isiishe leo. Na kama wewe ni jirani, mwache bata wa watu. Msindikize mtu.

Nilimuuliza Spesioza nifunge na neno gani. Alikuwa anachambua mchicha, hakuinua kichwa.

"Waambie niliogopa mpaka mlangoni," akasema, "nikaingia hivyo hivyo. Nikakuta Yeye ameshaingia."