Dari ya Magunia

Nyumba yetu ya kwanza ya bati tuliijenga Hirbadaw, enzi zile za mashamba ya ngano ya serikali. Mume wangu alikuwa dereva wa trekta huko. Watu walitupongeza. Mimi niliichukia. Mchana bati lilichoma mpaka binti yetu akatoka vipele shingoni, usiku baridi ikaingia utadhani hakuna ukuta. Alfajiri bati lilitoa jasho, maji yakatudondokea kitandani. Binti huyo ndiye alikuwa mtoto wetu wa kwanza, ndiyo kwanza anajifunza kukaa, na kifua kilikuwa kinambana. Nilitaka kitu kimoja tu: apumue vizuri mpaka Julai ipite.

Mume wangu akasema tuweke jiko la mkaa chumbani. Nikasema ng'o, watu wanafia usingizini. Kwetu Nambis tulilala na ndama ndani na hakuna aliyetetemeka, nikamwambia tuingize ndama wawili. Alicheka mpaka akaegemea mlango.

"Mama mtoto, nimenunua bati ili nilale na ng'ombe?"

"Hilo bati lako lina joto gani?"

Akanuna. Dari ya mbao hatukuiweza, kwa hiyo akaleta magunia kutoka kazini, yale yaliyokuwa yametupwa. Mengine yalikuwa ya mbegu, ile mbegu ya ngano iliyopakwa dawa ya wadudu, ya rangi ya waridi. Akayafua kwa sabuni, akayaanika uani. Nikamuuliza, si wewe uliyetusimulia jinsi njiwa walivyokufa shambani kwa kuokota mbegu hizo?

"Njiwa walikula," akasema. "Sisi tunakula magunia?"

Haya bwana. Yakashonwa, yakapigiliwa chini ya bati, yakapakwa chokaa. Na jamani, yalifanya kazi! Mchana nyumba ilipoa, usiku ikashika joto. Mtoto akalala, kifua kikatulia. Nilimsifu mume wangu mbele ya majirani, naye akatembea kifua mbele.

Upepo ulipotikisa bati, vumbi laini lilishuka. Nilidhani ni chokaa. Nilipangusa kitanda kila asubuhi na kuendelea na kazi zangu.

Mtoto akaanza kukataa ziwa. Akatapika, kisha akakamaa, macho juu. Degedege, wakasema wote. Zahanati wakamchoma sindano ya malaria, wakatuambia tusubiri gari la kwenda hospitali. Alifia mikononi mwangu, kwenye benchi, kabla gari halijafika.

Tulipokwisha kumzika, mume wangu alitoa blanketi la mtoto nje kulikung'uta. Kwenye mikunjo kulikuwa na unga wa rangi ya waridi. Alikaa chini pale pale, kwenye vumbi. Nilimwambia maneno ambayo mke hamwambii mume, na sijutii hata moja.

Akapanda juu, akayang'oa magunia yote, akayarundika uani ili tuyachome. Jirani yetu wa nyuma akaja kutupa pole, mwanawe mgongoni. Alilia na mimi, kweli alilia. Halafu macho yake yakaangukia lile rundo.

"Dada, kama hamyataki, nipe mimi. Kwangu baridi inatuua."

Nikamwambia yana sumu, ndiyo yaliyomuua mwanangu. Akayatazama, meupe kwa chokaa, kisha akanitazama mimi.

"Mtoto si amekufa kwa degedege? Sema tu hutaki kutoa."

Akainama, akavuta moja. Sikufikiri. Nilimsukuma, akaanguka na mtoto wake, mtoto akapiga yowe. Mume wangu akamwaga mafuta ya taa, akawasha. Yule mama aliondoka akinitukana, na kijiji kizima kikasema msiba umenitia roho mbaya.

Mtoto yule wa jirani alikua, sasa ni mama wa watu. Tukikutana sokoni Katesh hunishika mkono kwa adabu, "Shikamoo mama," na kabla sijaitikia, mama yake humwita waondoke.