Mutoto Aliyeangalia Mikono

Hii habari hamutaiamini, lakini mimi nilikuwepo, na hakuna fundi Goma nzima anayechonga chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kama yangu. Basi musikilize.

Dada yangu Mukamurenzi alikuwa na binti, Umwiza. Kila nyumba ina mahali pa kumwaga majivu. Nyumba ile ilikuwa na Umwiza. Maziwa yakiharibika, ni Umwiza. Mbuzi akikohoa kule Kalengera, kijiji cha mbali, wanauliza: Umwiza alipita njia gani? Ndugu zake walijua mapema: ukivunja sahani, taja jina lake haraka. Naye akajifunza kazi moja tu, kuangalia mikono ya mama yake. Ikikaza kikwembe kiunoni, anatoka nje. Ikishika mwiko, anakimbilia kwangu kwenye mbao, maana wakati ule nilichongea jirani yao, Kiwanja.

Mwaka 2012 vita ikawafukuza Kiwanja, wakapiga hema Munigi. Huko chakula ni jeton, karatasi moja ya jamaa nzima. Usipokuwa nayo kwenye mustari, wewe hauko duniani. Novemba risasi zikafika Munigi pia. Wakashuka mbio mpaka Goma, ambako mimi nilikuwa nimetangulia, nikawakuta ndani ya kanisa. Mabomu yanalia, mabati yanatetemeka, na mimi... tuache.

“Jeton iko wapi?” shemeji Télesphore akauliza.

Dada akapapasa kifua, akapapasa kikapu. Kisha macho ya wote yakaenda pale yalipozoea.

“Umwiza! Wewe ndiye ulibeba kikapu!” dada akapaza sauti.

“Mama, si mimi.”

“Rudi Munigi uitafute. Usipoipata, usije.”

Alikuwa na miaka kumi na miwili. Barabara ya Munigi watu walikuwa wanashuka tu, hata mbwa hakupanda. Lakini macho ya Umwiza yalibaki kwenye mikono ya mama, ile inayopapasa mutoto muchanga mugongoni, ndani ya ngobi, kitambaa cha kumubebea.

“Mama,” akasema, sauti ya kifaranga, “juma lililopita ulishika sindano. Ulishona pindo la ngobi.”

Akina mama wa kambi, kwa kuogopa wezi, walihamisha maficho ya jeton kila mara. Dada yangu aliificha vizuri mpaka akaisahau. Shemeji akakata uzi kwa meno. Jeton hii hapa, imelowa mukojo wa mutoto.

Munafikiri mama alimukumbatia?

“Na kwa nini haukusema mapema? Unataka tufe na njaa?”

Umwiza hakulia. Alininong'oneza: “Mujomba, kumbe hata ikionekana, ni mimi.”

Toka siku ile anaishi kwangu. Leo ni mushonaji, watu wanamuheshimu, lakini ukiinua mukono ghafula hata kumusalimia, bado anainama.

Na musidhani ilikuwa rahisi kumutoa pale! Nilisimama katikati ya kanisa, askari saba wamenielekezea bunduki, nikamwambia shemeji, huyu mutoto kuanzia leo...

“Mujomba, askari gani?” Umwiza anadakia toka kwenye cherehani yake. “Ulikuwa chini ya benchi. Mimi ndiye nilisema ninaenda na wewe, halafu nikakuvuta muguu utoke.”