Nilimsingizia mama mwenye nyumba uchawi, kumbe ni energy drink

Wakuu, salama? Haya yamenikuta mwenyewe, na hasira sijui nimpelekee nani. Nianze na mimi.

Mimi ni mwalimu, mtu wa Iringa, nimepangiwa kazi Pemba. Nilipanga chumba Tibirinzi kwa mjane mmoja, nimwite Bi Time. Anauza maandazi mlangoni kwake.

Kila alasiri alinipa chupa ya kahawa chungu yenye tangawizi. Wenyewe ndivyo wanavyomkirimu mgeni. Nilikuwa naimaliza yote, kukataa niliona aibu.

Na shuleni nilikuwa napiga energy mbili kila siku. Hizo sikuzihesabu hata kidogo.

Mwezi wa pili moyo ukaanza kwenda mbio. Mikono inatetemeka mpaka chaki inakatika. Usingizi hakuna, chooni kila saa.

Nikawaambia walimu wenzangu wa bara. Hakuna aliyeniuliza nakula nini wala nakunywa nini. Jibu likawa moja: "Pemba hiyo, kaka. Hiyo kahawa unaijua imetiwa nini?"

Na mimi na digrii yangu nikaamini! Nikahama bila kuaga.

Kwa kuwa silali, nikaongeza energy zikawa nne. Moyo ukazidi. Nikatangaza kwamba uchawi wa Bi Time umenifuata.

Siku nimeishiwa nguvu darasani nikapelekwa hospitali. Daktari akapima, akauliza, "Kwa siku unakunywa nini?" Nikataja. 

Akanieleza kwamba kafeini inauchochea moyo, inauficha uchovu bila kuuondoa, na inakaa mwilini masaa mengi. Nipunguze kidogo kidogo, nikiacha ghafla kichwa kitaniuma. Wiki ya tatu nikalala kama mtoto.

Nikaenda kwa Bi Time kuomba radhi. Hakunigombeza.

"Mwanangu, ungenambia tu, mie ningekupikia chai ya mchaichai. Kunitangaza kwa watu, kwani nimekukosa nini?"

Nikamwahidi nitalisafisha jina lake.

Shuleni nimesema ukweli mbele ya wote. Wale wale walionijaza maneno wakacheka, wakaendelea kusahihisha madaftari. Inaniudhi hadi leo.

Zamani maandazi yake yalikuwa yanaisha saa moja asubuhi. Juzi nimepita saa nne, beseni bado limejaa.

Wakuu, moyo ukikimbia, anza na kilichomo kwenye kikombe chako kabla hujamtaja jirani. Na hili la Bi Time nishaurini, maana mimi peke yangu siwezi kuyamaliza yale maandazi.