Aliyeitikia Kutoka Shamba la Pili

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipeleka Chinongwe nikamwonyeshe mipaka ya shamba la wazee, maana majirani wameanza kulinyemelea. Nilifika nikaduwaa. Bonde zima ni mikorosho, imefungamana mpaka jua halipenyi. Nikamwambia hapa tulikuwa tukilima mtama, naye akatikisa kichwa kwa heshima, kama watu wanavyomkubalia mzee wanayedhani ameanza kupotea. Mengine nikayameza. Wewe mwenzangu ndiye utakayeyasikia.

Ilikuwa miaka ile Wazungu walipokuwa wanafyeka pori la Nachingwea ili walime karanga. Baba alikuwa huko, anang'oa visiki. Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu, na wanawake wa nyumbani hawakutaka kusikia habari ya yeye kutoka nje kabla ya arobaini. Mtama nao ulikuwa umeanza kukaza punje, na ndege, wale kwelea, walikwisha kujua. Wa kwenda shambani kuamia ndege nikabaki mimi, binti mkubwa, peke yangu.

Kama hujawahi kukaa kwenye dungu, usione ni mchezo. Ni kichanja cha miti chenye paa la nyasi, juu ya nguzo nne katikati ya shamba. Unapanda kabla jua halijachomoza, unashuka likizama. Una kombeo, una vidonge vya udongo, na una kamba zilizofungwa madebe makuukuu unazozivuta yapige kelele. Chakula ni ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa ikapoa, na suke bichi la mtama la kuchoma ukijaliwa kuwa na moto. Huwezi kwenda popote. Ukisema ushuke ukanywe maji mtoni, ukirudi unakuta upande mmoja wa shamba umebaki makapi.

Ningevumilia yote, ila mwaka ule nilikuwa nimeandikwa miongoni mwa watoto wa kupokea Komunyo ya kwanza, siku ya Pentekoste. Mwalimu wetu wa dini alikwisha kusema kwamba atakayekosa mafundisho atangoja mwakani, naye hakuwa mtu wa kubembelezwa. Gauni langu la kitambaa cha marekani lilikuwa tayari, limening'inia ukutani, limekatwa kwa kipimo changu cha mwaka ule, na mimi nilikuwa narefuka kama mbaazi. Kila alasiri nilisikia chuma kinagongwa kanisani kuwaita wenzangu. Nililia mpaka nikazoea.

Nilimwomba mama aniruhusu japo Jumapili. Alikuwa ananyonyesha, hata hakuinua uso. "Ndege hawana Jumapili, mwanangu," alisema. "Komunyo utapokea mwakani. Huu mtama ukiliwa, huo mwakani tutaufikaje?" Nikamchukia yeye na kichanga chake, nikamchukia baba na visiki vyake. Mungu niliogopa kumchukia, lakini siwezi kusema sikujaribu.

Shamba la pili lilikuwa la bibi mmoja mjane, Mwislamu. Naye alikuwa na dungu lake, akiamia mwenyewe. Sasa, kulikuwa na ada moja. Jirani akipiga ukelele, lazima uitikie, maana ndege wanaofukuzwa kwake wanakuja kuangukia kwa yule aliyenyamaza. Kutwa nzima bonde lilikuwa hivyo, huyu anaita, yule anaitikia, na hakuna aliyejali unaita nini. Wengine waliita majina ya shemeji zao wakawatania.

Siku moja chuma kilipogongwa, nikajua kanisani wanaanza kukariri litania, sala ya kumwita Mama wa Mungu kwa majina yake, na kila jina huitikiwa. Hasira zikanipanda. Nikasimama dunguni nikaipiga kwa ukelele wa kufukuzia ndege: "Nyota ya asubuhiii!" Kisha nikajijibu kwa sauti ileile: "Utuombeee!" Ndege wakaruka kuelekea kwa bibi. Nikaita tena jina jingine, na kabla sijafungua mdomo kujijibu, kutoka shamba la pili ikaja sauti yake nzito: "Utuombeee!"

Nilidhani ananicheka. Jioni tulipokutana njiani nikamwuliza kama anajua anaitikia nini. "Si mnamwita Mariamu?" akasema. "Mariamu hata sie tunaye. Wewe ita tu, mjukuu wangu. Ndege wako wananijia mimi." Basi tukaendelea hivyo kila alasiri. Litania yote niliishika kichwani kwenye lile dungu, vizuri kuliko waliokuwa wamekaa kivulini.

Pentekoste ikafika. Asubuhi niliwaona wenzangu kwa mbali wakipita na nguo nyeupe. Chuma kilipogongwa niliweka kombeo chini. Nikaketi, nikafunika uso kwa kanga. Ndege wakashuka, nami nikawaacha.

Mara dungu likatikisika. Bibi alikuwa anapanda ngazi, pole pole, na bakuli kichwani. Alikuwa amepika wali, tena na kuku, vitu ambavyo nyumbani kwake vilikuwa vya Iddi. "Mama yako kanambia leo wenzio wana karamu," alisema. "Nawa, tule." Nikaangalia shamba lake, kwelea walikuwa wamelifunika lote, kama nguo iliyoanikwa. Nikamwambia, "Bibi, wanakumalizia mtama." Hakugeuka hata kutazama. "Waache wale kidogo. Nao leo sikukuu."

Mwaka uliofuata nilipokea Komunyo kanisani na gauni la kuongezwa kitambaa. Nilimeza, nikangoja nisikie jambo kubwa moyoni. Nikasikia njaa tu, ya kufunga tangu usiku. Baadaye nilielewa kwamba lile nililokuwa nalingoja nilikwisha kulipata, kwa mtu aliyeacha chakula chake cha mwaka kiliwe ili mimi nisile peke yangu. Kila ninapoambiwa kwamba Mungu yu pamoja nasi, namwona anapanda ngazi ya dungu, anapumua kwa shida.

Bibi alifariki nikiwa nimeolewa mbali, hata mazishi sikuyawahi. Siku hizi jioni nasali litania sebuleni na wajukuu zangu. Nikitaja jina, nanyamaza, nangoja liitikiwe kutoka mbali. Wao hudhani nimesinzia. Hunigusa bega ili niendelee.