Njia ya Mchakamchaka Ilipita Wapi?

Enzi zetu tulikimbia bila kujua kwamba tunafanya mazoezi. Hakuna aliyenunuliwa raba za kukimbilia, na hata mwenye raba alizivua akazibeba mkononi zisichakae. Siku hizi kila Jumamosi asubuhi vijana wa joging wanapita mtaani kwetu, huku pembeni ya Tunduma, fulana za rangi moja, spika begani, na kabla hawajapiga hatua kumi wameshapiga picha ishirini. Saa walizovaa ndizo zinazowaambia wamechoka kiasi gani. Sisi tulijua tumechoka pale tulipoanza kutema mate mazito na kushika kiuno.

Shuleni kwetu mchakamchaka ulikuwa kila asubuhi, kabla ya kupanga mstari wa namba. Mwezi wa saba baridi ya huku haina mchezo, umande unakata miguu na vidole vinakufa ganzi. Kiongozi anaita "Mchakamchaka!", sisi tunaitika "Chinja!", huyoo, tunapita mashine ya kusaga, tunakata shamba la mahindi la mzee Simbeye, tunashuka bondeni kwenye kijito, tunapanda kwenye miti ya mikusu mpaka kwenye nguzo nyeupe ya mpaka. Kila mmoja aliigusa kwa kiganja ndipo akageuza. Watundu waliizunguka, wakarudi wakitamba kwamba leo wameamkia Zambia. Kina mama waliokuwa wakilima upande wa pili walitupungia mkono wakitusalimu kwa lugha yao, "Mwapoleni, mukwai!", nasi tukaitikia chochote kilichotujia mdomoni. Msimu wa masuku, matunda ya mikusu ile, mwalimu alikuwa akipiga filimbi mpaka pumzi inamwishia. Tulirudi midomo inanata na mifuko ya wavulana imevimba. Nyumbani mama alikuwa na maneno yake yale yale: "Ukirudi na njaa usinitazame mimi, kamtazame mwalimu wako aliyekukimbiza."

Kaka yangu Ambokile alikuwa wa kwanza kila siku. Mimi nilikuwa wa katikati, mahali pa watu wasiosifiwa wala kuchapwa. Nikiwa darasa la nne nilijikwaa, nikaanguka vibaya, goti likapasuka. Ambokile alikuwa ameshatangulia mbali. Aliposikia kilio changu aligeuka, akarudi, akanibeba mgongoni mpaka shule, na siku ile wakaingia wote, yeye akawa wa mwisho. Hakunilaumu hata kidogo. Ambokile ametangulia mbele ya haki miaka mingi sasa, na katika mambo yake yote hilo ndilo ninalolishika zaidi. Mahali nilipoangukia nilikuwa na hakika napo kuliko ninavyojua tarehe ya harusi yangu.

Hakika hiyo ndiyo iliyoniponza. Mwaka huu mwenyekiti wa mtaa aliitisha kikao. Watoto wa kule juu wanaenda shule kwa kuzunguka barabara kuu, wanapenya katikati ya malori yaliyopanga foleni ya mpakani, na wazazi wamechoka kukaa roho juu. Ikaamuliwa njia ya zamani, ile ya mchakamchaka, ifunguliwe, na aliyejenga juu yake abomoe. Mwenyekiti akauliza nani kati ya wenyeji anakumbuka ilipita wapi. Kabla hajamaliza kuuliza mimi nilishasimama. Nikawapeleka watu moja kwa moja mpaka kwenye jiko la Mama Edina, nikapiga mguu chini. "Hapa hapa. Mimi niliangukia hapa."

Mama Edina ni mjane aliyehamia kutoka Ibaba, hana muda mrefu hapa mtaani. Jiko lile la tofali za kuchoma alilijenga mwenyewe, akichanganya udongo baada ya kutoka shamba, na humo ndimo anamopikia maandazi yanayowasomesha wanawe. Alikuwa ameshika mwiko. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Dada, una hakika? Maana mimi niliambiwa hapa palikuwa shamba." Nikamjibu kwa kiburi cha mzawa kwamba niliijua njia ile kabla yeye hajaijua Tunduma. Mwenyekiti akasema Jumapili baada ya ibada tutarudi, na mashahidi wakisimamia maneno yao, jiko litavunjwa.

Tukiwa tunatawanyika, Baba Neema, niliyesoma naye darasa moja, akanivuta pembeni. "Mama Tumsifu, umechanganya. Njia ilipita kule kanisani. Hapa kwa huyu mama hatujawahi kupita hata siku moja." Nikamwambia amezeeka. Akaniambia na mimi je. Tukabishana mpaka tukakubaliana jambo la kipumbavu kabisa: Jumamosi asubuhi tukimbie, miguu yenyewe ituonyeshe.

Jumamosi tulianzia kwenye lango la shule, mimi na khanga kiunoni juu ya suruali ya binti yangu, yeye na kofia ya sufu kama anakwenda kuchunga. Mashine ya kusaga tuliikuta, ingawa sasa ni duka la vifaa vya ujenzi. Baada ya hapo nikapotea. Nasema nikapotea, katika mtaa niliozaliwa! Nilitafuta bonde, nikaona ukuta. Nikakunja kushoto, nikatokea nyuma ya nyumba ya mtu, mbwa akanifukuza, nikakimbia kweli kweli kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Baba Neema alisimama kwenye msingi wa kanisa akisema hapa, hapa, halafu akaanza kutazama huku na huku. Tulipofika pembeni ya reli hakuna kati yetu aliyeweza kueleza tumefikaje. Vijana wa joging wakatupita wakiimba, mmoja akarudi nyuma kwa heshima zote: "Shikamooni. Mnaelekea wapi tuwasaidie?" Baba Neema akanyoosha mkono kushoto, mimi kulia. Kijana akatazama saa yake, labda alidhani njia imo humo.

Nikamburuta Baba Neema mpaka kwa mama yangu. Mama ni mzee sana lakini masikio yake hayajambo, na ulimi ndio kabisa. Tulimkuta anapukuchua maharage. Nikamwuliza, mama, ile njia yetu ya mchakamchaka ilipita wapi?

"Ya mwaka gani?" akasema bila kuinua kichwa.

Sikumwelewa. Akatutazama sote wawili kama tumekuja kuomba chumvi tukasahau bakuli. "Simbeye alikuwa anaacha shamba lake lote kwa ajili yenu? Kila mvua zikianza analima, njia anaifuta, halafu anawakatia nyingine pembeni. Mwaka mmoja mnapita juu, mwaka mwingine mnapita chini. Mwaka aliopanda alizeti aliwapitisha hapa nyuma kwangu, mkanikanyagia maharage yote. Maharage yote!" Bado alikuwa na hasira nayo. Kisha akanigeukia. "Na wewe ndipo ulipoangukia, hapo nyuma. Nilikuwa napalilia. Nilimwona Ambokile anarudi kukuokota."

Nilitoka nyuma ya nyumba nikasimama. Kulikuwa na kamba ya nguo na ndoo ya pumba. Nililia, sitaficha. Miaka yote nimempenda kaka yangu mahali ambapo hakuwepo. Nikilitazama kovu langu linaniambia nilianguka, basi, zaidi ya hapo halijui kitu. Na yawezekana mama naye amechanganya. Nani wa kumwuliza? Aliyenibeba hayupo.

Jumapili watu walijaa kwa Mama Edina. Alikuwa ameshatoa masufuria nje na kuyapanga kwenye mkeka, akisubiri. Mwenyekiti akaniita. Nikasimama, mara hii taratibu, nikasema sijui. Nikasema njia ilikuwa inahama, na siku ile nilipopiga mguu chini nilisema jambo nisilolijua, na namwomba Mama Edina anisamehe mbele ya wote. Watu wakaguna. Mzazi mmoja akasema kwa uchungu, "Kwa hiyo watoto wetu waendelee kupita kwenye malori?" Mwenyekiti akamtazama Baba Neema. Baba Neema akatazama kofia yake. Kikao kikavunjika, jiko likabaki, na mimi nikarudi nyumbani nikiwa sijui kama nimetenda haki au nimewafungia watoto njia.

 Lakini Jumatano asubuhi niliona mabati matatu ya ua wa Mama Edina yametolewa, upande wa juu, na mengine upande wa chini. Watoto walikuwa wanapita katikati ya jiko na kamba yake ya nguo, mmoja mmoja, huku yeye akiwapigia kelele kutoka ndani: "Mboga zangu! Anayekanyaga mboga arudi alikotoka!"

Enzi zetu hakuna aliyeitisha kikao kwa ajili ya njia. Mtu alilima, akatukatia pengine, tukapita, tukasahau. Sasa tuna ramani, tuna mihuri, tuna kuta ndefu, na watu wazima wawili tunashindwa kutoka shuleni mpaka mpakani. Naona tulipoteza kitu, ila nikitaka kukitaja kinanikimbia. Baba Neema mpaka leo anasema ni kule kanisani.

Wiki iliyopita nilisimama karibu na pengo lile nikitazama. Binti mmoja mdogo, wa mwisho kwenye msururu, alikuwa anakimbia, viatu mkononi. Nikamzuia kidogo, nikamwuliza hii njia wanayopita ni ipi.

Alinishangaa. "Si hii hii, bibi," akasema, mguu mmoja umeshavuka. "Ndiyo ya siku zote."