Turbo Katika Pipa la Mihogo

Mume wangu ni fundi wa magari na ni mtu wa kujisikia. Umwambie kwamba ni mfupi, atacheka. Umwambie amefunga boliti vibaya, hatazungumza nawe siku tatu. Nalisema hili mapema kwa sababu kujisikia huko nusura kunifanye mjane.

Wakati wa uasi tulikuwa na gari la mbio uani kwetu, mtaa wa Kasenga. Halikuwa letu. Mfanyabiashara mmoja, Mwislamu wa ukoo wa zamani hapa Uvira, alilileta kwa meli kwa ajili ya madaha yake: jekundu, milango miwili, tumbo linakwaruza kila jiwe. Vita vilipokaribia alivuka ziwa kwenda Kigoma, akamwachia mume wangu ufunguo. Nililichukia gari lile. Lilikaa palepale nilipokuwa naanika mihogo yangu.

Ijumaa moja akaja kamanda wa waasi, akalizunguka, akalipapasa, akasema atarudi Jumatatu alichukue "na fundi yake." Maneno hayo ya mwisho yalinikata maini. Tulimjua dereva wa Makobola aliyechukuliwa hivyo pamoja na pikapu yake, na mkewe alikuwa bado anamwekea chakula.

Mume wangu alifikiri siku nzima. Gari lisipowaka kabisa, alisema, watampiga mpaka aliwashe. Basi liwake, ila lisivute. Tungetoa turbo zote mbili, zile zinazosukuma hewa ndani ya injini. Bila hizo lingebaki kelele tupu.

Tulifanya kazi Jumapili asubuhi kwa sababu ya kanisa la jirani. Ngoma zikipanda, alipiga nyundo, zikinyamaza, tulitulia. Mahubiri yalikuwa marefu siku hiyo, nasi tukayasikiliza yote, mikono imejaa grisi. Spana zilikuwa za baba yake, alizoachiwa na bosi wake Mbelgiji mwaka wa uhuru. Turbo ya mbele ilitoka kabla ya sadaka. Ya nyuma ilikuwa na nati moja iliyojibana kwenye ukuta wa injini, na mkono wake haukupita. Wangu ulipita. Niliifungua kwa kupapasa tu, kidogo kidogo, nikaacha ngozi ya vidole humo.

"Aksanti, mama," akasema. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kunikabidhi spana.

Akaziba mabomba yaliyokuwa yakipeleka mafuta kwenye turbo, yasivuje. Kuficha ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa na pipa la mihogo ya fufu niliyoiloweka siku tatu, na anayejua mihogo ya siku tatu anajua harufu yake. Nikazifunga turbo katika mifuko ya nailoni, nikazizamisha hadi chini.

Jumatatu kamanda akaja na askari wawili. Mmoja alikagua uani, akafunua pipa, akalifunika haraka akiziba pua. Gari likawaka kwa mngurumo wa kutisha, moshi ukatoka kila mahali. Likajikokota hadi langoni, na kwenye kimlima kidogo cha hapo likagoma. Kamanda akashuka akikohoa.

"Iko nini hii?" akafoka. "Weye uko fundi ya wapi? Weye hauko fundi, uko mupishi tu!"

Nikaiona shingo ya mume wangu ikivimba. Akafungua mdomo. Nilijua kinachokuja: angeeleza ufundi wake wote, na akishamaliza, angeuonyesha. Nikamuwahi.

"Ni kweli, komanda! Hata mbabula yangu ya makaa ilimushinda kutengeneza. Minye niko nateseka naye."

Askari wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kamanda akatema mate, wakaenda zao kwa miguu, wakaniachia fundi wangu asiyefaa kitu.

Hakuzungumza nami siku tatu. Sijawahi kufurahia kununiwa kama siku zile.

Turbo tulizitoa baada ya wiki. Maji ya mihogo ni makali, hata sufuria yanaitoboa. Nilikuwa nikijua hivyo, na hofu ilinisahaulisha. Mifuko ilikuwa imechanika. Zilikuwa zimeliwa, na visukumio havikuzunguka tena. Mwenye gari aliporudi, mume wangu alimpelekea turbo hizo kwenye sinia. Yule mzee alizitazama, akaziba pua, kisha akaushika mkono wa mume wangu asiuachie.

"Alhamdulillahi, nimekukuta," akasema. "Chuma kinanunuliwa."

Tunasali tofauti, lakini mzee huyo simwachi katika sala zangu hata siku moja.

Turbo moja alituachia. Inazuia mlango wa jiko usijifunge. Kila asubuhi mume wangu anajikwaa kidole pale, anailaani turbo, anailaani mihogo, ananilaani na mimi. Nakoroga uji, nikimshukuru Mungu kwa kila tusi.